Je, Nia Njema Yamtosha Atoaye Dawa?



Mwalimu mmoja wa mtaa ameniandikia barua, nami nimekaa nayo siku nyingi kabla ya kuijibu, kwa kuwa swali lake si dogo kama nilivyodhani nilipolisoma mara ya kwanza. Asema kwamba katika mtaa wake yuko bibi mmoja mzee, Mkristo wa siku nyingi, ajuaye miti na mizizi. Watu wenye maumivu ya tumbo, wanawake waliojifungua, wazee wenye baridi yabisi, wote humwendea, naye huwachemshia dawa na kuwapa bure. Hata yai hataki kupokea. Hapigi ramli, hatambiki, hafungi hirizi. Huomba kwanza, kisha humpa mgonjwa kikombe. Sasa mwalimu huyu alikwenda mjini, akamsikia daktari akifundisha kwamba zimo dawa za miti zenye sumu isiyoonekana, na ya kuwa sumu hiyo yaweza kumletea mtu saratani ya ini baada ya miaka mingi. Akarudi nyumbani na moyo mzito. Aniuliza hivi: Ikiwa dawa ya bibi huyu ni mojawapo ya hizo, je, bibi ana hatia? Na mimi niliyelisikia neno hili, nikinyamaza, hatia ni ya nani?

Wengi wetu tungejibu upesi. Mmoja angesema: Bibi ametenda kwa upendo, na Mungu huutazama moyo, basi neno limekwisha. Mwingine angesema: Dawa za kienyeji ni mambo ya giza, ziachwe zote. Majibu haya mawili yote ni mepesi, nami sioni kwamba yamsaidia bibi yule, wala wale wanywao kikombe chake. Natutazame kwanza jambo lenyewe lilivyo, ndipo tuulize habari ya hatia.

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, zimo habari za wanafunzi wa manabii waliokaa Gilgali wakati wa njaa. Elisha aliagiza chungu kikubwa kitelekwe. Mmoja wa wanafunzi akatoka kwenda kutafuta mboga, akakuta mmea utambaao wenye matunda, akarudi nayo nguo imejaa, akayatia chunguni pasipo kuyajua. Mtu huyu hakuwa mwuaji. Alikuwa na njaa, akawatafutia chakula ndugu zake wenye njaa kama yeye. Walipoonja tu, wakatambua kwamba mauti imo ndani, wakalia kwa nabii, naye akatia unga, wakala salama. Hadithi hii twawafundisha watoto wetu. Lakini angalieni jambo moja ambalo mara nyingi twalipita: sumu ile ilijitangaza yenyewe. Ulimi wao ndio uliokuwa shahidi, tena ulishuhudia saa ile ile. Sumu aliyoitaja mwalimu wetu haijitangazi hivyo. Mtu hunywa, hupata nafuu, hushukuru, huenda zake, hulima, huoa, huzaa, na mauti imo ndani yake kama mchwa ndani ya nguzo.

Uko mmea ambao wataalamu wauita Aristolochia. Waarabu huuita zarawandi. Jina lile la kwanza limetoka katika lugha ya Kiyunani, na maana yake ni kama kusema uzazi mwema kabisa, kwa kuwa Wayunani wa kale waliwapa wanawake wakati wa kujifungua, wakaona ya kuwa wafaa. Jamii yake ina aina nyingi sana, zipo mamia, nazo zatambaa katika nchi nyingi za joto. Kwa miaka ipatayo elfu mbili na zaidi watu wa Ulaya na wa Arabuni na wa China waliutumia mmea huu na ndugu zake: kwa uzazi, kwa kuumwa na nyoka, kwa maumivu ya viungo, kwa kikohozi. Kama iko dawa iliyokuwa na ushahidi wa wazee, vizazi kwa vizazi, ndiyo hiyo.

Sasa sikieni habari ya Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Ilikuwako huko nyumba moja ya matibabu ambamo wanawake walipewa vidonge vya kupunguza unene. Miaka mingi ilipita bila neno baya. Mwaka 1990 vidonge vilibadilishwa, vikatiwa mitishamba ya Kichina. Muda si mrefu madaktari wa mafigo wakaanza kuletewa wanawake wasiotimiza miaka 50, waliokuwa na afya njema, na mafigo yao yamesinyaa na kukauka. Mwaka 1993 madaktari hao wakayatangaza waliyoyaona, na hesabu ya wagonjwa ikaendelea mpaka ikapita 100. Walipochunguza wakakuta jambo la kusikitisha. Mmea uliokusudiwa huitwa kwa Kichina fangji. Lakini uko mmea mwingine, wa jamii ya zarawandi, ambao nao huitwa fangji, ila umeongezewa neno moja mbele. Huo wa pili ndio uliotiwa vidongeni. Jina moja, miti miwili. Mwaka 2000 ikatangazwa habari ya pili: wagonjwa 39 walikuwa wamekubali kuondolewa mafigo yao yaliyokwisha kufa, na katika hao 39, watu 18 walionekana kuwa na saratani katika njia ya mkojo.

Hayo ni ya figo. Ya ini yalijulikana baadaye, tena katika kisiwa cha Taiwan. Huko tiba ya mitishamba ni sehemu ya matibabu ya kila siku, na bima ya serikali huilipia. Wataalamu waliposoma vitabu vya bima waliona ya kuwa kama theluthi moja ya watu wa nchi ile walipata kuandikiwa dawa ambazo huenda zilikuwa na zarawandi, kabla serikali haijazipiga marufuku mwaka 2003. Kisha mwezi wa Oktoba 2017 wataalamu wa Singapore na Taiwan wakatangaza kwamba wamechunguza vivimbe 98 vya saratani ya ini kutoka Taiwan, na katika kila mia wakakuta 78 vyenye alama ya sumu ya mmea ule. Katika vivimbe vilivyotoka China ilionekana katika karibu nusu. Katika vile vya Ulaya haikufika hata viwili katika mia.

Mtu atauliza: Alama hiyo ni kitu gani, na yajulikanaje? Nitajaribu kueleza kama nilivyoelezwa mimi. Ndani ya kila chembe hai ya mwili wetu mna vinasaba, navyo ni kama maandiko marefu yaliyoandikwa kwa herufi nne tu. Chembe ikigawanyika kuwa mbili, maandiko yote hunakiliwa, kama karani anakilivyo hati. Sumu ya zarawandi, iitwayo asidi aristolokiki, ikiisha kubadilishwa mwilini hushikamana na herufi moja katika hizo nne, ile ambayo wataalamu waiita A. Karani afikapo hapo hukosea, akaandika T mahali pake. Kosa moja si kitu. Mwili una wasahihishaji wake. Lakini makosa yakiwa maelfu, siku moja moja lao huangukia neno lile liamurulo chembe kuacha kuongezeka, na chembe ile ikawa haisikii amri tena. Ndiyo saratani. Na kwa kuwa vitu vichache mno hukosesha karani kwa namna hii hasa, mtaalamu akikuta makosa mengi ya A kuwa T yamepangwa kwa namna ile, hutambua ni mkono gani uliopita, kama mwindaji atambuavyo unyayo wa mnyama ambaye hakumwona.

Imenipasa kusema kweli yote. Wako wataalamu wasemao kwamba alama yaonyesha ya kuwa sumu ilipita, wala haithibitishi kwamba ndiyo peke yake iliyoleta saratani, maana wengi katika wagonjwa wale walikuwa pia na virusi vya homa ya ini aina ya B. Maneno yao ni ya haki. Lakini uchunguzi mwingine uliofanywa Taiwan, katika watu wenye virusi hivyo, ulionyesha ya kuwa kadiri mtu alivyozidi kuitumia dawa ile, ndivyo hatari ya saratani ya ini ilivyozidi. Nalo shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani, lililoko Lyon katika Ufaransa, limeihesabu mimea hii tangu mwaka 2002 miongoni mwa vitu viletavyo saratani kwa mwanadamu, hasa kwa ajili ya figo na njia ya mkojo.

Wala zarawandi si peke yake. Huko Jamaika katika miaka ya 1950 madaktari waliona watoto wenye matumbo yaliyojaa maji na maini yaliyoharibika, wakafuata habari mpaka wakafika kwenye chai ya majani ya porini waliyonyweshwa na mama zao kwa ajili ya homa na mafua. Mmoja wa mimea ile ni wa jamii ya marejea, tuyapandayo sisi kwa kurutubisha mashamba. Mama zao waliwanywesha kwa kuwapenda.

Hapa niseme neno la kando, nisije nikawapotosha wasomaji. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki sababu kubwa za saratani ya ini ni virusi vya homa ya ini, na tena sumu ya kuvu iotayo katika mahindi na karanga zilizowekwa na unyevu. Kuvu hiyo ikizidi huua upesi, kama ilivyokuwa Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, walipougua watu 317 wakafa 125. Ikiwa kidogo kidogo kila siku, hufanya kazi polepole ndani ya ini. Asomaye gazeti hili na kuitupa mizizi ya bibi yake, huku akila mahindi yenye ukungu na kuacha watoto wake bila chanjo, hakunisikia.

Basi turudi kwa swali letu. Watu wengi husema: Dawa hii babu zetu waliinywa, wala hawakufa. Neno hili si la kudharauliwa. Wazee wetu walijifunza mengi kwa gharama kubwa. Ni nani aliyetufundisha kuloweka na kuanika mihogo michungu kabla ya kuisaga? Hakuna kitabu kilichotufundisha. Tulifundishwa na mama zetu, nao na mama zao, na huko nyuma kabisa wako waliokula wakafa, na wenzao wakaangalia. Ushahidi wa wazee ni wa kuaminiwa katika madhara yajayo upesi, yaliyo karibu na sababu yake. Mti uuao kabla ya jua kutua, wazee waliujua, wakaupa jina, wakawakataza watoto.

Lakini mtu anywaye leo na kuugua baada ya miaka 20 au 30, ni nani atakayeyaunganisha mambo hayo mawili? Yule aliyempa kikombe pengine amekwisha kufa. Mgonjwa mwenyewe amekwisha kusahau. Tumbo laanza kuvimba, macho yawa manjano, mtu akonda, na watu wa nyumbani hutafuta sababu iliyo karibu nao. Nanyi mwajua ni wapi huitafuta: kwa jirani, kwa mke mwenza, kwa shangazi asiyependwa. Mara ngapi mjane amefukuzwa katika kijiji kwa ajili ya ini la mtu, ambalo huenda liliharibiwa na kikombe kilichotolewa kwa upendo, au na mahindi ya ghala lake mwenyewe! Kwa hiyo miaka elfu mbili ya zarawandi haikuwa ushahidi wa usalama. Ilikuwa miaka elfu mbili ya watu kutazama mahali ambapo jambo hili haliwezi kuonekana kwa macho ya mtu mmoja.

Sasa, hatia. Katika Torati, kitabu cha Kutoka sura ya 21, iko sheria ya ng'ombe apigaye watu pembe. Ng'ombe akimwua mtu, na hapo kwanza hakujulikana kuwa na tabia hiyo, ng'ombe huuawa, wala mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe alizoea kupiga pembe, na mwenyewe ameonywa asimzuie, basi damu ya mtu yule yamrudia yeye. Nimeitafakari sheria hii siku nyingi, wala sijaona sheria nyingine ielezayo vema kuliko hii jambo la dawa. Haimwulizi mwenye ng'ombe kama alimpenda jirani yake. Yauliza kama aliambiwa.

Tukiipima habari ya zarawandi kwa kipimo hiki, waganga wa Kiyunani na wakunga wa zamani twaweza kuwaacha kwa amani. Lakini itazameni tena nyumba ile ya Brussels. Mwaka 1982, yaani miaka 8 kabla vidonge havijabadilishwa, ilikuwa imekwisha kutangazwa ya kuwa panya waliopewa asidi ile walipata saratani, na huko Ujerumani dawa zenye asidi hiyo zikaondolewa madukani. Ng'ombe alikuwa amekwisha kushitakiwa, ila katika kijiji cha jirani. Aliyenunua magunia ya fangji na kuyasaga hakujua. Wala hakumtuma mtu aende kuuliza. Naona, basi, kwamba kuna kutojua ambako mtu hukutwa nako, kama yule mwanafunzi wa Gilgali; na kuna kutojua ambako mtu hukulinda, kama mtu azibaye dirisha ili asione yafanyikayo uani.

Tena Torati yaongeza neno lingine katika kitabu cha Walawi: mtu aliyekosa pasipo kujua, atakapojulishwa kosa lake, alete sadaka. Wengine huona sheria hii kuwa ngumu. Mimi naiona kuwa ya heshima kwa yule aliyedhuriwa. Aliyedhuriwa hakudhurika nusu kwa sababu aliyemdhuru hakujua. Ini lililooza limeoza. Kutojua kwampunguzia mtu hukumu, hata Bwana wetu alisema hivyo katika mfano wa watumwa wawili. Hakulifanyi jambo lililotukia kuwa halikutukia.

Nisije nikadhaniwa kuwa nawashitaki wachimba mizizi peke yao. Tangu karibu mwaka 1930 hata miaka ya 1950 madaktari wa Ulaya, wa Marekani na wa Japani waliwatia wagonjwa mishipani dawa iitwayo Thorotrast, ili mishipa ionekane vema katika picha za eksirei. Picha zilitoka safi, na mgonjwa hakuhisi maumivu. Lakini thoriamu iliyomo ilikaa katika ini na bandama, haikutoka tena, ikatoa mionzi kidogo kidogo mchana na usiku. Na baada ya miaka 20, 30 na kuzidi, wengi wao wakafa kwa saratani ya ini. Na huko Misri, kati ya miaka ya 1950 na 1980, serikali iliwatibu watu wengi mno ugonjwa wa kichocho kwa sindano. Kazi ilikuwa njema na kichocho kilikuwa adui wa kweli. Ila sindano zilitumika tena na tena pasipo kusafishwa ipasavyo, zikawatia watu virusi vya homa ya ini aina ya C, na baadaye nchi ile ikawa na wagonjwa wa homa hiyo wengi kuliko karibu nchi zote, na saratani ya ini ikafuata nyuma. Hao hawakuwa waganga wa kienyeji. Walikuwa wenye vyeti na koti nyeupe.

Wala miti haikuwa adui wa mwanadamu siku zote. Kwinini ilitoka katika gome la mti. Dawa ya malaria tuipewayo leo ilitoka katika mmea wa Kichina, ambao Bibi Tu Youyou na wenzake waliutafuta katika vitabu vya kale, wakaipata dawa yenyewe mwaka 1972. Naye akatunukiwa Nobel mwaka 2015. China iliyotupa fangji ndiyo iliyotupa dawa hiyo.

Tofauti ya hospitali na bibi yetu, basi, haiko katika usafi wa mikono. Iko katika daftari. Wale waliotiwa Thorotrast majina yao yaliandikwa, na siku, na kiasi. Hata baada ya miaka 30 watu wa Ujerumani, wa Denmark, wa Ureno na wa Japani waliweza kufungua vitabu na kuuliza: Fulani yuko wapi? Amekufa kwa nini? Ndivyo ilivyojulikana kuwa dawa ile yaua. Vitabu vya bima vya Taiwan vilifanya kazi iyo hiyo. Bibi yetu hana daftari. Ana kumbukumbu na upendo, na kumbukumbu ya mtu haina miaka 30 ya habari za ini la jirani.

Nilimjibu mwalimu wangu hivi. Kwamba bibi, mpaka siku ile, hakuwa na hatia ya damu, wala mtu asimwite mwuaji, wala jina lake lisitajwe mimbarini, wala kikombe chake kisivunjwe mbele ya watu. Lakini ya kuwa yeye mwalimu, tangu siku ile alipomsikia daktari, ng'ombe yumo uani mwake, naye ameonywa. Asiponena, hawezi kusema kesho kwamba dawa haikuwa yake. Nikamwambia pia asiende na maneno ya jumla, ya kuwa mizizi yote ni sumu, maana hilo si kweli, na bibi ajua si kweli, atamwona mpumbavu, na haki yake. Aende kuuliza. Amwombe amwonyeshe mimea yenyewe: jani, ua, tunda, mzizi. Asichukue majina tu. Mzizi mmoja una jina moja kwetu na jina lingine ng'ambo ya mlima, na jina lile lile huko huitwa mti mwingine kabisa. Wanawake wa Brussels walipotea katika jina. Mimea ikaushwe katikati ya magazeti, ipelekwe kwa wajuao. Huko Muhimbili iko taasisi ya dawa za asili, ambayo kazi yake ilianza mwaka 1974, na sheria ya mwaka 2002 imeweka Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Na jibu likingojewa, wasipewe kikombe hicho wenye mimba, wala watoto, wala mwenye macho ya manjano, wala mtu asikinywe siku zote kama chai. Maana sumu za namna hii hujikusanya kazi yake kidogo kidogo.

Nikaongeza jambo moja lililonisumbua, nalo lanisumbua hata leo. Zahanati ya mtaa ule ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, na mara nyingi dawa hakuna. Tukimwambia mama mwenye mtoto mgonjwa aache kikombe cha bibi, tumwambie aende wapi? Mtu aweza kuwa na maneno ya kweli kinywani, na bado akawa amemwacha jirani yake njiani. Kwa hiyo nikaona imeupasa usharika ule kufikiri habari ya baiskeli au pikipiki ya wagonjwa kabla haujafikiri habari ya kumkataza bibi. Wazee wa kanisa hawakulipenda sana neno hili, kwa sababu walikuwa wamekusanya fedha za kengele.

Majuzi barua ya pili imefika. Mwalimu alikwenda jioni, peke yake, akaamkia, akapewa kigoda. Akaeleza yote, na habari ya fangji, na ya karani akoseaye herufi. Bibi alisikiliza huku akipepeta mtama, wala hakukasirika. Akaingia ndani, akatoa mizizi ya aina tano, akaipanga juu ya ungo, akasema habari ya kila mmoja: huu alifundishwa na mama yake, huu na mkunga wa kijiji cha pili, na huu wa mwisho aliupata kwa mchuuzi sokoni, wala hajauona mti wake umesimama. Mwalimu akaifunga yote katika karatasi. Hapo bibi hakuuliza kama yeye ana hatia. Aliuliza: “Mjukuu wangu, na wale niliokwisha kuwapa?”

Mwalimu asema hakuwa na jibu. Akakaa kimya kitambo, kisha akasema ya kuwa katika hospitali ya wilaya wanaweza kupima damu ya mtu wajue kama ana virusi vya homa ya ini, na kulitazama ini lake kwa mashine. Na ya kuwa jibu la Muhimbili likija baya, ingefaa watu hao waambiwe waende. Bibi akasema, “Basi andika.” Mwalimu akachukua daftari lake la kipaimara, akaligeuza upande wa nyuma, na bibi akaanza kutaja majina, kuanzia na binti yake mwenyewe. Mpaka taa ilipoishiwa mafuta walikuwa wamefika jina la 43, na walikuwa bado katika miaka ya karibu.